Sura ya Saba: Uso Ulioelekea Ufukweni

Mafua ya Inspekta Justa Kapele na kesi ya Yunusu Suleimani vilianza siku moja, Jumatatu, na kufikia Alhamisi asubuhi hakuna hata kimoja kilichoonyesha dalili ya kuisha. Alikuwa amejifunika kitenge juu ya koti la kazi, amekaa kiti cha mbele cha gari la kituo, na Koplo Timoth akiendesha kimya kimya kuelekea Matai. Mwezi wa saba Sumbawanga baridi haina adabu. Inaingia hata mahali palipofungwa.

"Afande, tungeweza kumpigia simu tu huyu mama," alisema Timoth.

"Tungeweza."

"Maelezo yake tunayo. Amesaini."

"Najua amesaini, Timoth. Endesha."

Kesi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuiamini. Yunusu, kijana wa miaka thelathini na mmoja, wa ukoo wa wenye maduka na malori pale mjini, aliamua miaka miwili iliyopita kwamba atavuka bahari ya Atlantiki peke yake kwa makasia. Hana injini, hana tanga, hana mwenzake. Miezi mitatu ya kuvuta maji kwa mikono. Watu walicheka mpaka wakachoka, maana mtu amezaliwa na kukulia juu ya uwanda wa Ufipa, ambako maji makubwa ni lambo la kunyweshea ng'ombe. Halafu boti ikaja kweli, ndefu mita saba, imechongoka mbele na nyuma, ina vijumba viwili vya kulala kama mabanda ya kuku. Vicheko vikapungua.

Januari angekwenda baharini. Kabla ya hapo alitaka kujipima Tanganyika: kutoka Kalulwe, mwalo mdogo wa wavuvi chini ya barabara ya Kasanga, hadi upande wa Kongo na kurudi, bila kukanyaga nchi kavu. Ijumaa iliyopita alimtumia mama yake ujumbe: *Mama, naingia majini sasa. Jumapili asubuhi nitakuwa nimerudi, inshallah.* Jumapili ikapita. Jumatatu mama akaja kituoni.

Mtu pekee aliyekuwa naye ziwani ni Sadick, mtoto wa baba yake mdogo, dereva wa lori lililobeba boti. Sadick alisema upepo uliwazuia Ijumaa, ukawazuia Jumamosi, wakalala kwenye ghuba pembeni ambako simu haishiki, na Yunusu akaondoka Jumapili alfajiri. Hakuna mwingine aliyeyaona hayo. Kwa upande wa pili kulikuwa na ujumbe wa Ijumaa. Kulikuwa na dada mtu, aliyewasikia vijana hao wakigombana dukani, Sadick akisema, "Ukienda utakufa." Kulikuwa na damu kwenye bodi ya lori. Na kuliko yote, kulikuwa na Mariana wa Mwimbi, muuza samaki aliyesema alimwona Yunusu Jumapili hiyohiyo asubuhi akija ufukweni.

Damu ilikwisha jana jioni. Maabara walijibu kwamba ni ya mbuzi, kama Sadick alivyosema tangu mwanzo. Mkuu wa Justa alisoma majibu, akayakunja. "Damu imeondoka, shahidi yupo. Ijumaa saa tatu apelekwe mahakamani. Mauaji."

Justa hakubisha. Hakuwa na nguvu, na pia hakuwa na hoja. Alikuwa na swali moja tu lililomkereketa pamoja na koo: mwili wa mtu unaweza kufukiwa, lakini boti ya mita saba inafukiwaje? Walichimba Kalulwe siku mbili nzima. Walichopata ni choo cha zamani, na askari wawili waliomwomba wahamishwe kikosi.

*

Mariana alikuwa uani anapukuchua mahindi. Mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mnene, sauti ya sokoni. Kila wiki mbili aliteremka ziwani na lori la abiria kununua samaki, migebuka, akairudisha Mwimbi kuiuza. Alimtengea Justa kigoda, akamwangalia usoni.

"Unaumwa, dada."

"Mafua tu. Mama Mariana, nisimulie tena Jumapili."

"Si nilishasema kwa huyu kaka?" Alimnyooshea Timoth gunzi la mahindi.

"Nisimulie mimi kana kwamba sijui kitu."

Mariana akavuta pumzi ya mtu aliyeonewa. "Tulifika Kalulwe bado giza. Kulipopambazuka nikaenda pembeni kujisaidia, huko kwenye mawe, mbali na watu. Ukungu ulikuwa mzito. Nimemaliza, naosha mikono, ukungu ukafunguka. Nikamwona."

"Mbali kiasi gani?"

"Kutoka hapa mpaka pale mashine ya kusaga."

Justa alipima kwa macho. Hatua mia moja, zaidi kidogo.

"Uliona nini?"

"Mtu mzima amekaa kwenye mtumbwi wa ajabu, mweupe, una vichwa viwili. Amevaa jaketi la kuelea, maandishi ya njano kifuani. Nikaona na ndevu zake. Picha mliyonionyesha ndiyo yeye."

"Jaketi lile mgongoni halina maandishi," Timoth alimnong'oneza Justa. "Nilimuuliza Sadick."

"Anapiga kafi?" Justa aliuliza.

"Makafi mawili, dada. Kila mkono na lake. Nikasema moyoni, huyu ana haraka ya kufika."

"Kufika wapi?"

"Si ufukweni! Uso wake ulikuwa huku kwangu."

"Ulimwangalia muda gani?"

"Kama kuhesabu mpaka kumi. Ukungu ukafunga. Na lori likapiga honi, nikakimbia."

"Mtumbwi ulikuwa unasogea kuja, au kwenda?"

Mariana aliacha kupukuchua. Alimtazama Justa kwa huruma, kama vile mafua yalikuwa yameshapanda kichwani. "Dada, mtu anaangalia kule anakokwenda. Wewe unapotembea unaangalia nyuma?"

Timoth akacheka. Justa naye akatabasamu, maana jibu lilikuwa zuri, na yeye mwenyewe, mzaliwa wa kijiji cha Kate, mara zote alizopanda mtumbwi alimwona mvuvi akiinamia mbele na kafi lake, macho mbele. Shahidi hakuwa mwongo. Alisimulia kwa mpangilio uleule, bila kuongeza chumvi, na hakuwa na sababu ya kumchukia Sadick. Mashahidi wa namna hii ndio wanaofungisha watu.

Walimshukuru, wakapewa mahindi mabichi ya kuchoma ambayo hawakuyaomba, wakaondoka.

"Haya, afande," Timoth alisema walipofika lami. "Umeridhika?"

"Nimechoka. Si kitu kilekile."

*

Nyumba ya Bi Hamisa, mama yake Yunusu, ilikuwa nyuma ya duka, mtaa wa pili kutoka sokoni. Justa angeweza kumtuma mtu. Lakini mama yule alimlea Sadick tangu ana miaka sita, baada ya wazazi wake kufa kwa ajali, na kumpelekea habari ya mahakama kwa mdomo wa koplo ilikuwa ni ukatili mdogo ambao Justa alijikataza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umempata?"

"Bado, mama."

Bi Hamisa alikuwa amekaa juu ya mkeka kwenye baraza, tasbihi mkononi. Majirani walikuwa wamemshauri aanze msiba. Alikuwa amewafukuza. "Siweki matanga bila maiti," aliwaambia, na wakaondoka na masufuria yao.

"Nimekuja kuhusu Sadick," Justa alisema. "Kesho asubuhi anapelekwa mahakamani."

"Kwa kosa gani?"

Justa alilitaja. Mama hakulia. Alizungusha punje mbili za tasbihi, kisha akasema, "Nilikuwa na wana wawili. Mmoja mnaniambia amekufa, wa pili mnaniambia ndiye aliyemuua. Basi mimi nimebaki na nini?"

Justa aliona haya, haya ya kweli ya kupandisha joto usoni, akasema anakwenda kunywa maji, akatokea uani.

Uani kulikuwa na benchi refu la mbao alilofanyia Yunusu mazoezi, kazi ya fundi Kornel wa mtaa wa nyuma. Juu yake kiti kidogo kilichoteleza kwenye reli mbili, na pande mbili mipini iliyofungwa kwa mipira ya tairi. Kwenye ukuta mmoja palibandikwa ramani ya dunia, mstari mwekundu umeikata Atlantiki kutoka Afrika hadi upande wa pili. Hapakuwa na pengine pa kukaa. Miguu ilikuwa inamuuma. Justa aliketi juu ya kile kiti, akageukia ramani, akashika mipini kwa nyuma, ikamkataa.

Kauthar, dada yake Yunusu, alikuwa anaanua nguo. Msichana wa miaka ishirini na kitu, macho yamevimba. Ndiye aliyesikia ule ugomvi dukani, ndiye aliyeusimulia polisi, na tangu siku hiyo hakula vizuri.

"Umekaa vibaya, afande," alisema.

"Vibaya vipi?"

"Umegeuka. Kaka huipa ramani mgongo."

"Kwa nini? Ramani si ndiyo anakokwenda?"

"Ndiyo. Makasia si kama makafi ya kule ziwani. Yamefungwa kwenye ukingo wa boti, unayavuta kuja kifuani. Kwa hiyo unakwenda kinyumenyume." Aliweka nguo begani, akaja, akamgeuza Justa kwa mabega kama mtoto. "Hivi. Unaona ulikotoka, huoni uendako. Ndiyo maana ya kioo hicho."

Kwenye nguzo mbele ya benchi kulikuwa na kioo kidogo, cha pikipiki, kimefungwa kwa waya. Justa alitazama ndani yake akaiona ramani iliyokuwa nyuma yake, na mstari mwekundu.

Aliivuta mipini. Kiti kikateleza. Mgongo wake ukaenda kuelekea Atlantiki, na uso wake ukabaki umeelekea mlango wa jikoni.

Mwenye macho haambiwi tazama, walisema wahenga, na bila shaka hawakuwahi kufanya kazi ya upelelezi.

"Kauthar," alisema mwishowe. "Mtu akiwa ufukweni akamwona Yunusu uso kwa uso, akiwa anavuta makasia. Yunusu anakuja au anaondoka?"

"Anaondoka," Kauthar alisema mara moja. Kisha nguo alizoanua zikamdondoka begani.

*

Garini Justa aliomba faili. Aliisoma karatasi ya maelezo ya Sadick mstari kwa mstari, gari likirukaruka.

"Timoth. Hapa umeandika: *Nilimsukuma akaondoka, akageuka kunitazama, ukungu ukamfunika.* Ndivyo alivyosema?"

Timoth alifikiri. "Alisema aliondoka huku akimtazama muda wote. Nikaona haiji. Mtu anaondokaje huku anakutazama? Nikainyoosha."

"Ukainyoosha."

"Ili isomeke, afande."

Hakumkaripia. Angefanya hivyohivyo. Wote watatu, yeye na koplo na muuza samaki wa Mwimbi, walikuwa watu wa kafi, na watu wa kafi wanajua kwamba uso unatangulia. Mariana alisema kweli tupu. Sadick naye alisema kweli. Maelezo yao yalikuwa jambo moja lililoonwa na watu wawili dakika ileile, na yeye Justa ndiye aliyeyagonganisha akapata mauaji.

"Kwa hiyo hakurudi Jumapili," Timoth alisema polepole. "Aliondoka Jumapili. Kwa hesabu yake alitakiwa arudi Jumanne."

"Na Jumanne nani alikuwa anamsubiri Kalulwe?"

Aliyepaswa kumsubiri, Sadick, alikuwa rumande tangu Jumatatu. Na boti tatu za wavuvi zilizotoka kumtafuta Jumatatu zilirudishwa Jumanne asubuhi, kwa amri, kwa kuwa mtu aliyeshatua hatafutwi majini. Amri ilikuwa ya Justa.

Alipiga simu kituo kidogo cha ufukweni. Sajenti Baltazari alipokea kwenye mlio wa sita. Mtu mzima huyo, amebakiza miaka miwili astaafu, na hakuna kilichomshtua tena.

"Sajenti, wavuvi watoke tena. Leo hii. Yunusu aliondoka Jumapili, hakurudi. Upepo umevumaje?"

"Toka Jumapili mchana unatoka kusini mashariki, afande, bila kupumzika. Chochote kilicho juu ya maji kinasukumwa Kongo." Kisha akauliza: "Afande, kwani wale wa ng'ambo hukuwasiliana nao?"

"Wa ng'ambo gani?"

"Walioita kwa redio Jumanne. Waliuliza kama tuna mtu aliyepotea ziwani. Nikakupigia."

Justa alifumba macho. Alikumbuka simu ile. Alikuwa Kalulwe, juu ya shimo la kile choo, homa imempanda, na Baltazari anauliza kitu kuhusu ziwa. Hakuuliza nani anauliza. Hakuuliza kwa nini. Alitaka tu simu ikatike.

"Nilikujibu nini?"

"Ulisema hatuna. Mtu wetu alishatua Jumapili."

"Waite. Waite sasa hivi, sajenti, halafu unipigie."

Timoth alisimamisha gari pembeni ya barabara, karibu na kituo, bila kuambiwa. Lori la mahindi likawapita. Justa alipenga kamasi mara tatu. Alitaka kusali na hakujua aombe nini, maana kila jibu alilolifikiria lilikuwa na jina lake ndani. Dakika ishirini na mbili zilipita.

"Yuko hai," Baltazari alisema.

Timoth alipiga usukani kwa viganja. Justa aliinua mkono kumnyamazisha.

"Endelea."

"Kasia moja lilivunjika, upepo ukamtupa kwao Jumatatu jioni. Simu yake imelowa. Bega limevimba, lakini anakula. Wamemweka ndani."

"Ndani kwa kosa gani?"

"Afande, jiweke mahali pao. Mtu anatokea majini peke yake. Hana samaki, hana mzigo, hana injini, ana ramani na vyombo vya kuonyesha njia. Anasema kwao Sumbawanga, anajifunza kuvuka bahari. Wakasema haya, tuulize Sumbawanga kama wanamjua. Wakauliza." Alikohoa. "Wakajibiwa hawana mtu. Basi wakamwona jasusi. Walikuwa wamsafirishe ndani ndani huko kesho kutwa, kwa wakubwa. Nimewaomba wamshikilie, wanataka barua."

"Wataipata leo. Jibu la Jumanne uliliandika?"

"Kwenye kitabu cha matukio, ndiyo. Saa na tarehe."

"Kwa jina la nani?"

Sajenti alisita, kwa wema wake. "Lako, afande."

*

Sadick alikuwa amekaa pembeni ya mlango wa rumande, magoti yamekunjwa, jaketi la mtu mwingine mabegani. Siku nne zilimkondesha uso. Alipomwona Justa hakusimama.

"Kama ni kuhusu lile shimo, nimeshasema sijui," alisema. "Kama ni kuhusu ugomvi, nilimwambia asiende kwa kuwa niliogopa. Niandikieni hivyo hivyo, nimechoka."

"Si hayo." Justa alimwashiria askari wa zamu afungue. Kisha akachuchumaa, magoti yakimlia, mpaka macho yao yakalingana. "Yunusu yuko hai. Yuko ng'ambo. Ameumia bega tu."

Sadick alimwangalia muda mrefu, akitafuta mtego. Alipoona hakuna, aliufunika uso kwa mikono yote miwili na mabega yakaanza kumtikisika. Justa aliangalia ukuta. Askari wa zamu naye akaona afadhali ahesabu funguo zake.

"Tangu lini?" Sadick aliuliza, sauti imekwaruza.

"Tangu Jumatatu jioni. Wamemfungia."

"Jumatatu?" Aliishusha mikono. "Leo Alhamisi. Siku zote hizi hawakuweza hata kuuliza? Yeye anajua kwao, angewaambia. Kwa nini hawakuuliza?"

Justa angeweza kusema redio ilikuwa mbovu. Redio za ziwani ni mbovu kila siku, na hakuna ambaye angemkatalia.

"Waliuliza," alisema. "Jumanne. Mimi ndiye niliyejibu. Nilisema hatuna mtu ziwani."

Sadick hakupandisha sauti. Alivaa kiatu kimoja, akatafuta cha pili chini ya benchi, akakivaa. Kamba walizichukua siku ya kwanza, kwa hiyo alisimama viatu vikimlegea.

"Mama anajua?"

"Bado. Nilitaka uende nyumbani, umwambie wewe. Atafurahi kusikia kwako."

"Hapana, afande," alisema Sadick. "Mimi nimesema kweli siku nne. Hii ya leo nenda kaiseme wewe, na usimnyooshee maneno."

Akatoka nje kusubiri kamba zake. Justa alibaki amechuchumaa pale mlangoni, akitafuta pa kushika ili ainuke.